Umbali Kutoka Ziwani

Fomu imeletwa na bodaboda kutoka wilayani,
kurasa tatu, na kalamu haikuletwa.
Jina la kijiji: Mhelelo.
Hapo sikusita.
Mahali kilipo: ukishuka relini
fuata njia ya ng'ombe, si ile ya magari,
mpaka udongo uwe mweupe na midomo ionje chumvi.
Bonde la ufa limetukalisha kitako hapa;
maji ya nchi ya juu yote yanatujia
na yakishafika hayana pa kutokea.

Mpaka wa kaskazini: ziwa.
Nikaandika, nikafuta.
Mwaka huu, ndiyo, ziwa liko kaskazini.
Mwaka wa Elnino lilikuwa shuleni,
darasa la tatu, dawati la nyuma,
na mwalimu Senyagwa akifundishia dirishani.
Mwaka juzi halikuwepo kabisa:
tulilivuka kwa baiskeli
juu ya tope lililopasuka kama kisigino.

Umbali kutoka ziwani (kwa kilomita).
Nukta, nukta, nukta.
Niweke ngapi?

Nikaenda kwa Mbeleje, anayekausha kambale.
Hakuweka kisu chini.
"Ziwa halihami," alisema. "Sisi ndio tunaosogea,
kama mtu anayempisha mwenye mkeka."
Mwaka ule wa vumbi alichimba mkono mzima ndani ya tope
akamtoa kambale mzima, mwenye hasira,
kama mzee aliyeamshwa usingizini kwa jambo lisilomhusu.

Kijiji kilianzishwa mwaka gani?
Faili linasema sabini na moja, wakati wa Operesheni.
Lori lilipakua watu, mawe ya kusagia, kuku vichwa chini;
afisa akachora mistari kwa chokaa
ili nyumba zikae safu, safu.
Alikuja kiangazi. Hakuna aliyemwambia
kwamba safu ya kwanza ameipanga ndani ya ziwa.
Au walimwambia:
Kiswahili chetu siku hizo kilitosha kuombea maji tu.
Kifuku kikaja, kuta za tembe zikayeyuka kama sukari guru.

Lakini kabla ya hapo, wakati wa Mtunya,
njaa ambayo bibi zetu hawakuitaja chakula kikiwa mbele,
mtu aitwaye Chibehe alishuka hapa
na watoto wawili na mtungi mmoja.
Akakuta chumvi.
Akaikwangua kwa kigae, akaichuja, akaichemsha,
akaenda kuibadilisha na uwele, siku nne kwa miguu.
Aliporudi mtoto alikuwa mmoja.
Huyo mmoja ndiye sisi.
Fomu haina mstari wake.

Vyombo vya usafiri majini: kimoja.
Mtumbwi wa Malogo.
Miaka ya maji unavusha wagonjwa;
miaka ya ukame umelala uani, hori la mbuzi.
Magamba ya samaki na mabua ya mtama
yamegandamana humo, tabaka juu ya tabaka.
Nikiulizwa historia, huwa nachungulia humo kwanza.

Eneo la makaburi (onesha kwenye ramani).
Baba tulimzika mwaka wa vumbi,
chini ya mgunga, mahali pakavu kama unga.
Sasa mgunga umesimama majini hadi kiunoni
na minandi wanaanika mbawa juu yake.
Mwezi uliopita nilimwomba Malogo anipeleke.
Akaacha kupiga kasia pale tulipokisia.
Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa.
Nilikuwa na maneno tangu nyumbani;
nikashika kingo mbili za mtumbwi, basi.
Malogo akazamisha kasia, akalitoa,
akaonesha alama ya tope kwa kidole:
"Jana ilikuwa hapa. Leo hapa."

Kijana anapiga honi. Ofisi inafungwa saa tisa.
Umbali kutoka ziwani:
nimeandika sifuri, kwa penseli ya binti yangu,
na nimemwambia kijana apite njia ya magari,
ile ya ng'ombe tangu asubuhi ina maji.